Kifaa Kisichofunguka

Kwa wale wasionijua, mimi ndiye yule wa kidato cha tatu ambaye wenzake humwita Fundi, si kwa kuwa nimefuzu popote, bali kwa sababu mfuko wangu haukosi bisibisi. Haipiti wiki kabla mtu hajanisimamisha wakati wa mapumziko: "Fundi, simu kali siku hizi ni gani?" Mwingine huuliza juu ya spika, mwingine juu ya saa ya mkononi inayohesabu hatua, na mwalimu mmoja, jina nalihifadhi, aliwahi kuniuliza juu ya runinga. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimeazimia kulijibu swali hili hapa, mara moja, mbele ya halaiki. Na mwalimu wa zamu asinishuku: kanuni ya kutoleta simu shuleni naijua na naifuata. Haya ninayoyaandika ni ya nyumbani na ya kibandani kwa mjomba wangu, karibu na steji mjini Nakuru, ambako mimi hushinda kila Jumamosi nikipuliza vumbi na kushika tochi.

Jibu langu ni fupi. Mimi kifaa sikipimi kwa kamera, wala kwa ukubwa wa kioo, wala kwa jina lililoandikwa mgongoni. Nakigeuza kwanza nitazame kama kinafunguka.

Najua mtacheka. Basi chekeni, kisha mnisikilize.

Chukua ile simu ndogo ya vibonyezo ambayo wengine huiita kabambe na wengine mulika mwizi. Weka ukucha nyuma yake, kifuniko kinatoka. Ndani utakuta betri nyembamba ya volti 3.7, na ukiisoma vizuri huenda ukaona imeandikwa BL-5C. Aina hiyo ndiyo iliyotumiwa na Nokia 1100, simu iliyotoka mwaka wa 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Simu yenyewe imekwisha kuwa ya makumbusho, lakini betri yake ingali hai. Utaikuta ndani ya redio ndogo za kichina, na ndani ya spika za wachuuzi zile zinazopiga kelele tangu asubuhi hadi jioni. Mjomba ana mkebe mzima wa betri hizo. Mtu anakuja na redio iliyokufa, mjomba anachomoa betri ya simu iliyovunjika kioo, anaipima kwa mita, anaitia kwenye redio, na redio inaongea. Dakika mbili! Mimi hiyo ndiyo naiita teknolojia.

Nyanya yangu naye ana redio ya mawe makubwa mawili. Mawe yakianza kulegea, huyaanika juani pamoja na mahindi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mambo ya kikale, lakini nimekuja kugundua kwamba hakosei kabisa. Joto huharakisha ule mchanganyiko wa kemikali ndani ya jiwe na likatoa umeme kidogo uliokuwa umesalia. Halijachajiwa, la hasha, ila taarifa ya habari ya jioni ataisikia. Nyanya hajasoma fizikia, lakini redio yake anaijua ndani nje.

Kuhusu ile saa ya kuhesabu hatua, mniwie radhi. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anayetembea kuja na kurudi kila siku haitaji saa ya kumwambia kwamba ametembea. Miguu imekwisha kumwambia. Kikokotoo, naam, nakiheshimu sana. Kinafanya kazi moja, hakikuulizi namba ya siri, na kikianguka mara kumi huinuka mara kumi. Runinga nayo nimwachie mwalimu aliyeuliza.

Sasa tuje kwenye simu janja, maana najua ndiyo mliyokuwa mkiingojea.

Simu hizi wengi wetu tunazipenda, na mimi ni mmojawapo. Ukiona vyaelea vimeundwa, na hizi zimeundwa kwa akili nyingi ajabu. Lakini igeuze. Huoni pa kutia ukucha. Mgongo umegundishwa kwa gundi, na betri nayo ndani imegundishwa kwa gundi. Mjomba akitaka kuifungua huipasha joto taratibu, halafu hupitisha kadi nyembamba ukingoni kama mtu anayebandua chapati iliyoganda. Akikosea kidogo tu kioo kinapasuka. Akiitoboa betri kwa bisibisi inaweza kuwaka moto, maana hizo betri za lithiamu hazina mzaha. Kazi ya dakika mbili imekuwa ya saa nzima, na bei yake vilevile.

Watengenezaji hutoa sababu: ati simu isiingie maji, ati iwe nyembamba. Sababu hizo nazikubali nusu. Huko Ulaya hawakuzikubali zote. Mwaka wa 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kuhusu betri, na ukaweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa siku ambayo betri za vifaa vingi vya mkononi zitapaswa kuwa za kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe, ingawa wameacha mianya ya hapa na pale. Kabla ya hapo, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, walikuwa wameamuru simu mpya zinazouzwa kwao zitumie tundu moja la chaja, lile la USB-C. Nilipompa mjomba habari hizi alifurahi, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo sijalipatia jibu hadi leo: "Na zile za gundi zitakazokataliwa kule, mpwa wangu, zitapelekwa soko gani?"

Lakini gundi si neno. Iko gundi nyingine isiyoonekana, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mama yangu anauza viazi na sukuma wiki sokoni. Mwaka uliopita alichukua simu janja kwa mkopo, ule wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Kampuni sitaitaja. Dukani, pesa taslimu, simu hiyo ilikuwa shilingi 13,000. Mama alitoa 3,000 za kutangulia, kisha akakubali kulipa shilingi 55 kila siku kwa siku 365. Hebu toa kikokotoo chako. Mara 55 kwa 365 ni 20,075. Ongeza zile 3,000, unapata 23,075. Simu ya elfu kumi na tatu imekuwa ya elfu ishirini na tatu na ushei.

Hata hivyo simlaumu mama, na ninawaomba nanyi msimlaumu. Nilipomwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi aliitazama, akanirudishia karatasi yangu, akasema, "Mwanangu, hesabu yako ni ya mtu mwenye elfu kumi na tatu mkononi. Mimi nilikuwa na tatu." Nilikosa la kusema. Na simu yenyewe ilimfaa. Mkulima wa Molo humtumia picha ya viazi kabla ya kuvipakia, naye huona kama ni vikubwa au ni vya kutupwa. Wanaomdai na anaowadai amewaweka humo, kwa majina na kwa picha za daftari.

Shida ni kwamba usipolipa, simu hujifunga. Si laini inayofungwa, ni simu nzima. Kioo kinaonyesha ujumbe mmoja tu, kwamba lipa, pamoja na namba ya kulipia. Picha ziko ndani, madeni yako ndani, mkulima wa Molo yuko ndani, na mama yuko nje. Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo na soko likawa ziwa. Siku ya tatu hakuuza hata fungu moja. Jioni simu ikajifunga. Asubuhi yake mkulima alituma picha, akangoja, akaona kimya, akawauzia wengine. Kwa ajili ya shilingi 55 mama alikosa magunia mawili ya viazi na faida yake yote.

Unajua kilichotuokoa siku hiyo? Kabambe. Mama alitoa laini kwenye simu iliyofungwa, akaitia kwenye ile simu yake ya zamani, na wateja wakaendelea kumlipa. M-Pesa ilipoanza nchini mwezi wa Machi mwaka wa 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe, si ndani ya simu, wala haikuhitaji intaneti. Ndiyo maana hadi leo inakubali hata katika simu ya vibonyezo iliyofungwa kwa mpira. Aliyefikiria hivyo mimi namvulia kofia. Pesa alizifanya zimfuate mtu badala ya kufuata kifaa.

Niliipeleka ile simu kwa mjomba nikidhani ataifungua. Mjomba ninayemjua hufungua kila kitu! Aliigeuza, akaisoma ule ujumbe, akanirudishia. "Hii siigusi," akasema. "Mambo ya kufuli yameingia hadi kwenye programu yake. Na hata ningeweza, bado si ya mama yako." Maneno hayo yalinichoma. Simu inalala kwetu, inakula umeme wetu, mama ndiye anayeifuta vumbi la sokoni, lakini kuna mtu ofisini mwenye uwezo wa kuizima bila kuinuka kitini. Mjomba aliniambia kwamba kuzimiwa simu kwa mbali si jambo geni. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zilizimwa nchini, na watu waliamka asubuhi wakiwa na vipande vya plastiki. Lakini hizo zilikuwa bandia. Hii yetu ni halali na risiti iko. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na neno la mwisho la methali hiyo nalimeza kwa heshima ya mwalimu mlezi wa chama.

Wapo watakaonijibu kwamba kampuni nayo ina haki, kwani isipoweka kufuli watu watatoroka na simu. Ni kweli, wapo wa kutoroka. Lakini mwenye nyumba akidai kodi hakufungii mtoto ndani. Kama ni lazima wafunge, si wafunge michezo, wafunge video, wafunge kamera? Wamwachie mtu daftari lake la madeni na ujumbe wake wa kazi, apate hiyo 55 ya kuwalipa. Kufunga kifaa ambacho ndicho kinachotafuta pesa za kukilipia ni kama kumfunga ng'ombe mdomo kisha ukamdai maziwa.

Na sasa limezuka jingine. Tangu mwezi uliopita simu ya mama inazimika ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Inazima ghafla akiwasha kamera. Ukiiacha ipumzike ikawaka tena inasema asilimia 28, kama kwamba hakuna kilichotokea. Majirani wanasema ina virusi. Haina. Wenzangu wa fizikia wanakumbuka somo la ukinzani wa ndani, E = V + Ir. Betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani hupanda. Simu ikiwa imetulia inavuta umeme kidogo na mambo ni shwari. Ukiwasha kamera inavuta mwingi kwa ghafla, volti nyingi zinapotelea ndani ya betri yenyewe, zinazofika kwenye simu hazitoshi, basi inajizima. Nilipolieleza jambo hili nyumbani kwa mchoro, ndugu yangu mdogo alilala, lakini mama alielewa vizuri sana. Akasema, "Kumbe ni kama mimi. Nikikaa ni mzima, nikiinua gunia nazimia."

Betri mpya kwa mjomba ni shilingi 1,500, na hiyo ni bei ya jamaa. Ingekuwa kabambe, ningeitoa mwenyewe kwa ukucha na kuitafutia nyingine katika ule mkebe. Lakini hii mgongo wake una gundi, na mkataba unasema isifunguliwe na fundi wa nje kabla deni halijaisha. Siku zilizosalia ni 41. Arobaini na moja mara 55 ni shilingi 2,255.

Mama ameamua kulipa deni kwanza. Kwa sasa anatembea na chaja ndani ya kikapu cha sukuma wiki, na kinyozi wa jirani humruhusu kuchomeka. Picha za viazi anaomba zije saa mbili asubuhi, betri ikiwa bado imejaa. Mjomba naye amekwisha kuiweka betri kando, ndani ya bahasha, ameandika jina la mama juu yake kwa kalamu nyekundu. Ameniambia siku hiyo ya arobaini na mbili nitakayoishika kadi ya kubandulia mgongo ni mimi, yeye atashika tochi.

Kwa hivyo wewe unayeniuliza simu kali ni ipi, usinionyeshe picha yake tu. Niambie bei yake taslimu, niambie ni nani mwingine anayeweza kuizima, kisha uilete kibandani Jumamosi tuigeuze.