Bia ya Rangi ya Dhahabu Katika Soko la Burma

Hapana mkaaji wa mitaa ya mashariki ya Nairobi asiyelijua Soko la Burma. Liko kando ya Barabara ya Jogoo, jirani na mitaa ya Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo, na sifa yake kubwa ni nyama. Jina lake ni ukumbusho wa askari wa K.A.R. waliopelekwa Burma katika Vita Kuu vya Pili, ambao mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw katika mvua na matope, hata wakauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Leo watu huja sokoni hapo kununua nyama, na wengine huchomewa na kuila papo hapo kwa ugali na kachumbari. Hapo ndipo Jumamosi moja, saa tisa alasiri, jamaa zangu nami tulipoketi kuamua jambo la shamba. Na sababu ya shauri lenyewe ilikuwa ndani ya chupa mbili za bia.

Chupa hizo zililetwa na binamu yangu. Ni bia ya ukoo mmoja wanaopika kwa mikono yao wenyewe, baba, mama na watoto wawili walio watu wazima. Jina lao silitaji, kwa kuwa mimi ni karani wa serikali, wala si kazi yangu kuwatangazia watu biashara. Mwenye hoteli, ambaye ana leseni ya vileo, alitupa ruhusa kuionja mezani pake.

Bia hiyo ni ya rangi ya dhahabu nyepesi, mfano wa asali mpya iliyochujwa, na juu yake ina povu jeupe lisilo jingi. Harufu yake ni ya mkate uliotoka tanurini, na nyuma yake kuna kitu kama ganda la chungwa. Ulimini huanza kwa utamu mdogo, kisha uchungu hufuata polepole na kwenda zake. Haikushindana na nyama yenye mafuta, bali ilisafisha kinywa, hata kipande cha pili kikawa kitamu kama cha kwanza. Nilikunywa bilauri moja, nayo ilinitosha.

Binamu yangu alitueleza jinsi inavyopikwa. Shayiri hulowekwa hata ichipue, kisha hukaushwa kwa moto mdogo. Ukizidisha moto, kimea huwa cheusi na bia nayo huwa nyeusi. Kimea husagwa na kutiwa katika maji ya moto, yapata digrii 65, ili wanga ugeuke sukari. Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa pamoja na maua makavu ya hopsi yatiayo uchungu, hupozwa, na mwisho hutiwa hamira. Bia hii ni ya aina iitwayo eli, ambayo hamira yake hufanya kazi katika joto la wastani, tofauti na laga, kama Tusker, ambayo huchachishwa katika baridi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mtu asiye na mitambo mikubwa huona ni rahisi zaidi kuanza na eli.

Sasa nieleze shauri lenyewe. Nyanya yetu alituachia ekari mbili huko Kakamega. Binamu yangu alitaka tuziuze ili anunue mapipa ya chuma na mashine za kupozea, naye awe mpika bia. Mjomba wangu, mfanyakazi mstaafu wa reli na mzee wa kanisa, ambaye hajaonja kileo tangu ujana wake, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Sote tulidhani kwamba atakataa kabla ya kuketi.

Mjomba aliinua bilauri, akainusa kwa muda mrefu, akairudisha mezani bila kuinywa. Akasema, "Hiki ni kimea. Nyumba ya mama ilinuka hivi hivi."

Nami nilijua alichokisema, maana habari hiyo nilisimuliwa na mama yangu. Nyanya alikuwa mjane katika chumba kimoja cha Shauri Moyo, naye alipika busaa. Unga wa mahindi huuloweka uchachuke, huukaanga juu ya bati, kisha huuchanganya na maji na kimea cha wimbi. Kwa fedha hiyo mjomba na mama yangu walisoma katika shule ya misheni, ambako walifundishwa kila juma kwamba pombe ni dhambi. Kwa fedha hiyo hiyo zilinunuliwa ekari mbili. Mara mbili alikamatwa na kutozwa faini, naye kila mara alirudi kwenye chungu chake, kwa sababu siku ya kulipa ada haikungoja.

Nimeyafikiri mambo hayo sana. Tangu miaka ya 1920 Manispaa ya Nairobi ilijiwekea peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika, huko Pumwani, na faida iliingia katika mfuko wa mitaa yao. Mwanamke aliyepika chumbani mwake alihesabiwa kuwa mhalifu. Mwaka 1922, katika mji huo huo, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, pamoja na rafiki yao H. A. Dowding, walianzisha kiwanda kidogo cha bia huko Ruaraka. Mzigo wao wa kwanza ulikuwa masanduku kumi tu, yaliyopelekwa katika hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na kwa ajili ya kumkumbuka bia yao iliitwa Tusker. Kazi ya ukoo ule imekuwa kampuni kubwa ijulikanayo Afrika Mashariki yote. Kazi ya nyanya ilibaki ya kufichwa chini ya kitanda. Ustadi ulikuwako pande zote mbili, lakini leseni ilikuwako upande mmoja tu.

Walakini sitaki mtu adhani kwamba nasifu kila pombe ya uchochoroni. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa huko Mukuru kwa Njenga kwa kunywa kileo kilichotiwa methanoli, na Mei 2014 watu wengi walikufa Embu na mahali pengine kwa sumu ya namna hiyo. Sheria ya mwaka 2010 ilivitoa vileo vya asili gizani, ikaviwekea masharti ya leseni, vipimo na saa za kuuza. Mpikaji ambaye jina lake limeandikwa juu ya chupa huogopa kulichafua, na mnywaji humjua wa kumwuliza.

Tena biashara hii ina hatari zake, nao wakulima wanazijua. Bia ya Senator ilipotolewa mwaka 2004 ilisamehewa ushuru, na wakulima wengi wakapanda mtama kwa ajili yake. Mwaka 2013 ushuru wa asilimia 50 ulipotozwa, mauzo yalianguka na mtama ukakosa mnunuzi, hata msamaha uliporudishwa baadaye. Ikiwa neno moja la bajeti laweza kuitikisa kampuni kubwa, litamfanyaje mtu mwenye mapipa mawili?

Mambo haya yote yalisemwa pale mezani, na mjomba akakata shauri. Alisema, "Mwanangu, kazi hii siikatai, maana ndiyo iliyonisomesha. Lakini shamba la mama haliuzwi. Nenda kwa watu hao ukafanye kazi mwaka mzima, ujue hesabu za ushuru na leseni kama ujuavyo kuonja. Nasi tutapanda wimbi katika ekari moja. Ukirudi na ujuzi, kimea kitakuwa chako bila bei." Binamu yangu alinyamaza kwa kitambo, kisha akakubali, ingawa si kwa furaha. Amekwisha kuanza kazi huko, naye huosha mapipa zaidi kuliko anavyopika.

Basi kwa wasomaji walio na vijana wenye hamu ya namna hii, neno langu ni hili. Msiwadharau kwa sababu ya kazi wanayoitaka, bali waulizeni nani atawafundisha, nani atapima usafi wa kazi yao, na nini kitabaki mkononi ikiwa haikufaulu. Na aliye na ardhi iliyonunuliwa kwa jasho la mzee wake, asiiweke rehani kwa kitu ambacho bado hajajifunza kukifanya.