Wakili wa shamba la Masuguru hatafutwi London

Mjomba alinipigia simu kutoka Masuguru, mkoani Tanga, akiwa ameshapanga kila kitu. Jirani alikuwa amesogeza mpaka wa shamba letu, akang'oa katani zilizopandwa kama alama na kulima mahindi hadi kwenye mwembe wa babu. Kazi yangu mimi niliyeko Uingereza ilikuwa moja tu: "Huko ndiko sheria ilikotoka, mwanangu. Tafuta mmoja wa wale wanaovaa nywele za bandia, alete barua watu watetemeke."

Mjomba hakuwa anaota. Watu wa rika lake walikua wakisimuliwa habari za D. N. Pritt, wakili wa Kiingereza aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria, kisha mwaka 1958 akaja Dar es Salaam kumtetea Nyerere aliposhtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa kikoloni katika jarida la Sauti ya TANU. Upande huo huo wa utetezi walikuwamo mawakili wa Dar es Salaam wenyewe, M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri. Nyerere alitiwa hatiani, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita, na faini ikalipwa. Hapo pa kutiwa hatiani mjomba huwa anaparuka.

Zama hizo zimepita. Leo wakili anayesimama mbele ya Mahakama Kuu Kanda ya Tanga ni aliyeapishwa na kuandikwa katika daftari la mawakili wa Tanzania Bara, na ana leseni hai ya mwaka husika. Kwa mgogoro wa shamba letu, wakili maarufu wa London ni mtazamaji kama mimi. Hata hivyo, kuna jambo moja la kuiga kwa Waingereza, na jingine ambalo sitaki tuliige kabisa.

Kwao uwakili umegawanyika pande mbili. Yupo solisita, anayekaa na mteja, kuandika barua na kuandaa jalada. Halafu yupo wakili wa kusimama mahakamani, ndiye huyo mwenye joho na nywele za bandia. Zamani hukuweza kumfikia huyu wa pili bila kupitishwa na wa kwanza. Tangu mwaka 2004 utaratibu ulilegezwa, mwananchi akaweza kumwendea mwenyewe katika mashauri mengi. Mwenzetu mmoja alipogombana na mwenye nyumba aliandika barua pepe kwenye ofisi ya mawakili, na aliyejibu hakuwa wakili bali karani wao. Majibu yalikuwa ya takwimu tupu: kusoma nyaraka kiasi hiki, saa moja ya ushauri kiasi hiki, siku ya mahakamani kiasi hiki, kodi ya VAT juu yake. Kabla hajatoa hata senti, mwenzetu alikuwa amelisaka jina la wakili katika rejista ya Bar Standards Board, chombo kinachowasimamia, akajua leseni yake iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Tena mawakili hao hawaruhusiwi kushika fedha za mteja za kuwekwa amana. Hiyo peke yake ingewaokoa watu wengi kwetu.

Lakini siku ya kesi, wakili alimpa mkono kwenye korido, wakaongea kidogo, wakaingia ndani. Makaratasi aliyajua yote. Nyumba yenyewe hakuwahi kuiona, na hilo ndilo nisilotaka tuliige. Na ukiwa huna fedha, mlango ni mwembamba: sheria ya mwaka 2012 iliyoanza kutumika Aprili 2013 iliondoa msaada wa kisheria wa serikali katika aina nyingi za kesi za madai na za familia. Ukikosa msaada huo, unajitetea mwenyewe mbele ya jaji.

Turudi Masuguru. Jambo la kwanza nililomwambia mjomba lilimuudhi: kwa hatua ya mwanzo hatuhitaji wakili. Mgogoro wa mpaka huanzia kwa wazee na Baraza la Ardhi la Kijiji, kisha Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, ndipo mtu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mbele ya Baraza la Kata wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu. Kwa hiyo yeyote anayekudai fedha za "kukusimamia kata" anakuuzia hewa, na wateja wake wakubwa ni sisi tulio mbali, tunaotuma fedha kwa simu ili roho zitulie.

Hatua ya wilaya ndiyo ya wakili, na hapo ndugu wengi hukimbilia Dar es Salaam, wakidhani wakili mzuri ni yule mwenye ofisi ghorofani Posta. Mimi nasema hapana. Kesi ya ardhi hufunguliwa kule ardhi iliko, na kesi zetu hutajwa, huahirishwa, hutajwa tena. Kila tarehe wakili wa Dar atakula nauli na malazi yako, au atamtuma wakili mwenzake aombe ahirisho. Wakili wa Korogwe, Handeni au Tanga mjini anaamka kwake na mchana yuko shambani. Anazijua njia, anaelewana na shangazi asiyeweza kutaja eka lakini anayekumbuka nani alizikwa chini ya mti gani. Baraza likiamua kwenda kuona eneo la mgogoro, yeye ameshafika siku nyingi.

Nilimwomba binamu aende Korogwe na bahasha ya kaki yenye karatasi zetu, azungukie ofisi asikilize tu anaulizwa nini. Ofisi ya kwanza iliuliza bajeti. Kwenye ofisi nyingine, chumba kimoja chenye mashine ya kutoa kopi na cheti kwenye fremu, mwanamama aliyekuwa mezani aliuliza shamba liko wilaya gani hasa, maana jina la Masuguru halipo mahali pamoja tu, na ukikosea wilaya shauri linatupwa. Kisha akauliza: "Shamba ni la nani? Babu? Mirathi imefunguliwa?" Haikuwa imefunguliwa. Akafunga bahasha, akamrudishia, akamwambia familia ikae kikao, iandike muhtasari, imteue mtu, aende Mahakama ya Mwanzo athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi. Bila hivyo, alisema, jirani atasimama tu na kuuliza ninyi ni nani katika mali ya marehemu, na kesi itaishia hapo. Binamu alirudi amenuna kwamba hakupata wakili. Mimi nilijua tumempata.

Sasa lile la kuiga. Rejista tunayo na sisi. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni. Unaandika jina, unaona kama mtu huyo yumo katika daftari na kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Mhuri si ushahidi, mhuri unachongwa mtaani, na vishoka, yaani mawakili bandia, wanayo mihuri mizuri kuliko mawakili. Ila usiishie kwenye jina: Kenya mwaka 2023 kijana mmoja alituhumiwa kutumia akaunti ya wakili wa kweli mwenye jina linalofanana na lake. Linganisha na picha, piga simu ya ofisi. Kisha omba makubaliano ya malipo kwa maandishi na risiti kwa kila shilingi. Kwetu mtu huona aibu kumdai msomi risiti. Yule mwanamama wa Korogwe alimwandikia binamu risiti ya ushauri kabla hajaombwa.

Asiye na fedha asikate tamaa mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na wapo wilayani. Kuandika malalamiko na kueleza utaratibu wanaweza vizuri. Kusimama barazani kama wakili si kazi yao.

Nawe uliye ughaibuni, ukitaka ndugu asimame badala yako, andaa hati ya uwakilishi yenye mipaka: shamba gani, kesi gani, na kwamba hana ruhusa ya kuuza. Isaini mbele ya mthibitishaji huko uliko, uipitishe ubalozini, ndipo uitume. Na usingoje likizo ya Desemba ijayo. Kwa kawaida sheria inatoa miaka 12 ya kudai ardhi iliyochukuliwa na mwingine, na kuwa kwako nje hakumzuii jirani kuendelea kulima. Hesabu miaka yako leo, kisha uwapigie nyumbani uwaulize mpaka uko wapi.