Darubini si Vikombe vya Wageni

Watu wangu, leo niko na maoni ambayo mama yangu hatayapenda, lakini acha tu niseme: darubini isiyotoka kwa boksi haitunzwi. Inaozeshwa polepole.

Mnajua vile vitu vya maana huishi kwetu. Vikombe vizuri hukaa kwa kabati la vioo vikingoja mgeni ambaye hafiki. Rimoti huvalishwa nailoni. Kochi hufunikwa vitambaa mpaka unasahau rangi yake. Sasa fikiria darubini imeingia kwa nyumba kama hiyo. Mama alininunulia yangu na pesa za chama, zamu yake ilipofika, na kila nikiishika husema, "Polepole, hiyo ikivunjika hatununui ingine." Simlaumu. Hiyo pesa ingelipa karo. Lakini akisema niirudishe kwa boksi, hapo ndipo tunakosana.

Tuongee ukweli. Kutumiwa hakumalizi darubini haraka vile unyevu huimaliza. Ukiifungia kwa nailoni chini ya kitanda msimu wa mvua, ama ile baridi ya Julai, ukungu huota kwa lenzi vile huota kwa viatu vya ngozi. Ukishaishika lenzi vizuri, alama yake huenda isitoke tena. Kwa hivyo yangu hukaa mahali pakavu, imefunikwa mbele na nyuma, na kwa kasha la lenzi nimeweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu ambavyo huja na viatu vipya. Ikirudi ndani na umande, naiacha ikauke kwanza ndio niifunike.

Na vumbi je? Vumbi kidogo kwa kioo halikuzuii kuona kitu. Kinachoharibu ni mkono unaosugua. Juu ya kile kioo kuna utando mwembamba sana wa alumini, na kitambaa kikavu kikiburuta vumbi huukwaruza kabisa. Mimi nina kipulizio kidogo cha mpira, basi. Kioo kikichafuka sana, labda baada ya miaka, huoshwa na maji na tone la sabuni ya vyombo, kisha husuuzwa na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwa betri ya gari. Hakikisha tu si asidi.

Kuna wale husema anga ya Nairobi haina kitu, ni taa tu. Ni kweli nusu. Galaksi za mbali zitakusumbua, lakini mwezi na sayari hazijali taa za mtaa. Juu ya ploti yetu, katikati ya kamba za nguo, nimeona pete za Zohali na ile miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona 1610. Tena tuko karibu na ikweta. Mwezi wa Mei, saa tatu usiku, ukiangalia kusini unaona Msalaba wa Kusini, ukigeuka kaskazini unaona Dubu Mkubwa. Mtu wa London huo Msalaba haoni akiwa kwao.

Na usiniambie nyota ni mambo ya wazungu. Tarehe 12 Desemba 1970, setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka baharini, karibu na Malindi. Ilikuwa ya Marekani, na Waitaliano ndio waliirusha, lakini juu siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, ikaitwa Uhuru. Mwanaastronomia yeyote wa eksirei duniani anajua hilo neno la Kiswahili. Watoto wa ploti yetu walikuwa hawajawahi hata kuona darubini.

Hiyo ndiyo shida yangu na boksi. Kila mtoto akipanda juu huuliza kitu kimoja: "Naweza shika?" Mama angependa niseme hapana. Mimi husema ndiyo, na masharti mawili. Kidole hakigusi kioo wala lenzi. Na haielekezwi kwa jua hata siku moja, juu jua likipita kwa darubini linaweza kukupofusha papo hapo. Watoto wakielezwa kwa nini, hushika sheria kuliko watu wazima. Kuna msichana wa darasa la sita ambaye siku hizi ndiye hukagua vidole vya wengine, na Zohali huipata haraka kuniliko.

Gharama iko, sitawadanganya. Bomba la darubini lina alama za mikono na mkwaruzo mmoja wa ukuta wa ngazi. Mama aliuona, akanyamaza, akaenda kuleta kitambaa cha sebuleni, kile cha kushonwa na mkono. Sasa mchana darubini huvaa kitambaa kama kochi, na lazima nikubali kinazuia vumbi poa sana. Usiku kinatoka. Hayo ndiyo makubaliano yetu. Yeye bado hajapanda kuangalia. Anasema orofa tano ni nyingi kwa magoti yake.

Kama kwenu kuna darubini imelala juu ya kabati, itoe leo mwezi ukitoka. Anza na ule mpaka kati ya mwanga na giza, hapo ndipo milima na mashimo huonekana vizuri. Na kama kuna mtoto kando yako, mpe nafasi ya kwanza.