Mali Bila Daftari Hupotea. Na Maisha Je?

Ndugu msomaji, nikuulize swali dogo. Jumapili kama ya leo, mwaka mmoja uliopita, ulikuwa wapi? Ulizungumza na nani, na jambo gani lilikukera au kukufurahisha? Ikiwa unakuna kichwa, usione haya. Nami niliwahi kuulizwa swali la namna hiyo na binti yangu, nikashindwa mbele ya watoto na mama yao.

Ilikuwa jioni, nyumbani kwetu Likoni. Binti alikuwa amepewa kazi na mwalimu wake aandike habari za siku aliyozaliwa, kwa kuwauliza wazazi. "Baba, siku hiyo mvua ilinyesha? Nani alinibeba kwanza? Nyanya alisema nini aliponiona?" Nikajikohoza. Nilikumbuka kwamba nilivuka feri usiku, basi. Mvua sikuikumbuka. Maneno ya mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, yalikuwa yamenitoka kabisa. Mtoto akaandika nusu ukurasa, akafunga daftari lake. Hakulalamika. Laiti angalilalamika!

Watoto walipolala nilifungua sanduku la mama. Kwa miaka mingi marehemu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi kule Mtongwe, kwa watu waliokuwa wakivuka alfajiri kwenda kazini. Hakusoma sana, lakini alikuwa na madaftari ya madeni. Hakuandika majina. Aliandika "fundi wa bati", "mama mapacha", "kijana wa koti jeusi", kisha idadi ya shilingi. Deni likilipwa alilikata kwa mstari.

Nilitafuta tarehe aliyozaliwa binti yangu. Nikaipata. Chini ya madeni mama ameandika: "Mjukuu. Msichana. Mvua kubwa. Leo hamri bure." Maneno sita, saba hivi, na yalijibu zaidi ya nilivyoweza kujibu mimi mwenye shahada.

Basi sikulala. Nikawa nasoma kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka. "Unga umepanda." "Mtoto ana homa, nimefunga mapema." Huyo mtoto ni mimi. Hatimaye nikafika tarehe 29 Aprili 1994.

Wewe wa umri wangu huhitaji kuelezwa siku hiyo. Kwa vijana nitasema tu kwamba Ijumaa hiyo asubuhi, feri ya MV Mtongwe ilizama ikiwa imejaa watu, wengi wao wakielekea kazini kisiwani. Watu 272 walipoteza maisha. Mimi nilikuwa darasa la saba. Nakumbuka umati ufuoni na vilio, lakini sikumbuki mama alikuwa akifanya nini.

Ukurasa wa siku hiyo una neno moja: "Sikuuza." Katika kurasa za siku zilizotangulia mna madeni matatu ambayo hayakukatwa mstari. Kando ya kila moja mama ameandika, kwa kalamu ya rangi nyingine, "nimesamehe". Mmoja wao ni yule fundi wa bati, shilingi 14. Miaka yote niliyoishi naye, mama hakunisimulia habari za watu hao watatu. Lau si daftari la madeni, nisingalijua kamwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeichukua methali hii tukaipeleka dukani tu. Tunajua kuandika deni la sukari, mchango wa harusi na zamu ya chama. Lakini maisha yenyewe, ambayo ndiyo mali kubwa, tunayaacha yapotee bila habari.

Na asiyeandika habari zake huandikiwa na wengine. Twajua kwamba merikebu za Vasco da Gama zilifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498 kwa sababu mmoja wa watu wa msafara wake alikuwa akiandika mambo ya safari siku baada ya siku. Mvuvi wa kwetu aliyeziona tanga zile hakutuachia mstari. Mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga upande wa bara wa kaskazini. Habari hizo tunazo kwa kuwa mwenyewe alikuwa mtu wa kuandika. Je, ni akina mama wangapi wa Kisauni na Likoni waliozika watoto mwaka ule?

Lakini si kwamba sisi hatuwezi. Ukipita Kengeleni, Kisauni, kumbuka kwamba jina lile limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mmoja wa wazao wa watu hao, James Mbotela, aliandika kitabu "Uhuru wa Watumwa" kikatoka mwaka 1934. Kama si yeye, kengele ingebaki chuma tu.

Najua utakaloniambia: "Bwana, hayo mazuri, lakini muda nitaupata wapi?" Hata mimi niliimba wimbo huo. Januari moja nilinunua shajara nene yenye jalada la ngozi. Tarehe mosi niliandika kurasa mbili, tarehe tisa mstari mmoja. Kufikia Machi watoto walikuwa wakichorea magari. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba lazima nikae mezani, kimya, nijaze ukurasa kwa lugha ya kupendeza. Nyumba yetu ina vyumba viwili na redio ya jirani. Kimya hakuna.

Baada ya usiku ule wa sanduku nilianza upya. Nilinunua kijitabu cha bei ndogo kinachoingia mfuko wa shati. Kila jioni nikiwa kivukoni upande wa kisiwani, nikisubiri lango lifunguliwe, naandika mistari mitatu: lililotokea, niliyekutana naye, na neno moja lililosemwa. Lango likifunguliwa nafunga. Ndani ya feri siandiki. Hapo shika mfuko wako na uangalie mbele. Na nikikosa feri ya kwanza, siku hizi sinuni sana, kwa maana nimepata nafasi ya mstari wa nne.

Wewe unayekaa Changamwe una foleni ya malori. Wa Kisauni ana msongamano wa daraja la Nyali. Mama wa nyumbani ana dakika za maharagwe kuchemka, na mwanafunzi ana zile dakika tano kabla ya kufungua vitabu. Muda haupatikani mkubwa. Hupatikana vipande vipande, na haba na haba hujaza kibaba. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, na bado alituandikia "Maisha Yangu".

Ukiruka siku, usijaribu kulipa deni. Anzia leo. Mimi nimeruka wiki nzima mara kadhaa na mbingu haikuanguka. Usiitegemee simu peke yake pia. Yangu iliniponyoka kivukoni ikazama na picha za miaka minne, na daftari la mama la mwaka 1994 lingali linasomeka. Nawe mzazi, ukilikuta daftari la mwanao chini ya mto, lifunge ulirudishe. Mtoto akijua husomwa, ataandika uongo au ataacha kuandika.

Kazi ile ya shule ilikuwa imekwisha kusahihishwa nilipomwonyesha binti yangu ukurasa wa nyanya yake. Aliusoma mara mbili, akauliza kwa nini hamri zilitolewa bure. Nikamwambia, kwa sababu yako. Akaenda kuleta kalamu, akaninyang'anya kijitabu changu na kuandika mwenyewe, kwa hati ya kupinda: "Leo nimejua kuwa siku niliyozaliwa mvua ilinyesha."

Ndugu msomaji, gazeti hili ukishalimaliza, tafuta kalamu. Mistari mitatu tu.