Nani Alikufundisha, Mwalimu?

Huku kwetu watu humletea katekista kila shida: deni, ugomvi wa mashamba, hata utasa. Nami kwa kuwa nilikaa seminari miaka kadhaa, nilidhani yanipasa kuwa na jibu kwa kila jambo.

Walikuja kwangu mtu na mke wake, miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna. Ndugu za bwana walikwisha kuanza maneno ya kumrudisha yule mama kwao. Nikawaambia: hesabuni siku 14 tangu hedhi ianze, siku hiyo ndiyo. Nalisoma hayo katika kijitabu. Wakashukuru, wakaniletea kuku, nami nikamla.

Mwaka ukapita bure. Wakaenda kwa Sista mwuguzi, naye akaniita.

«Mwalimu, nani alikufundisha kazi hii?»

Nikanyamaza. Akaniambia kwamba mwezi wa mama yule una siku 35. Kumbe Daktari Ogino wa Japani, tangu mwaka 1924, alihesabu kwa kurudi nyuma: yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mama huyu ni kati ya siku ya 20 na ya 24, na yai lenyewe huishi siku moja tu. Nami niliwatuma kupanda mbegu mvua ingali mbali!

Sista huyu ana cheti cha kazi hiyo, wala hakukipata kwa barua ya padri. Alijifunza njia ya Daktari Hilgers wa Omaha, Marekani. Mafunzo yake ni ya miezi 13: kwanza masomo, kisha kuongoza watu wa ndoa huku mkubwa wake akikagua madaftari yao, halafu masomo tena, na baadaye mtihani. Mtu aweza kuwa hodari wa sindano na kufunga vidonda, na kazi hii asiijue hata kidogo. Mimi hata sindano sijui.

Tena Sista alitaka bwana naye apimwe. Hilo sikulifikiri kamwe. Nalimtazama mama tu, kama wale ndugu.

Nilikwenda kwao kuomba msamaha. Mama akanipa kiti. Bwana hakusema neno, akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Mtoto bado hawajapata, lakini mama yuko nyumbani mwake, na daftari linaandikwa kila jioni.

Wengine wakija kwangu sasa, nawasindikiza mpaka mlangoni pa Sista.