Nilisema ni nguo tu

Nina siri ambayo nimeiweka moyoni tangu Desemba 2024. Leo nimeamua kuitoa hadharani kwa sababu likizo zinakuja, na najua baadhi yenu mtapanda ndege kwenda kuwaona jamaa zenu Wajir, Mandera na kwingineko. Usiniulize, msomaji mpendwa, ni kampuni gani ya ndege iliyonibeba. Kosa halikuwa lao. Lilikuwa langu.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi Mandera. Mji huo hauko kwenye gridi ya taifa, umeme wake hutoka kwa mitambo iliyo papo hapo, na ukipotea usiku hata simu ya kumwitia daktari huzima. Basi akaniomba nimpelekee betri ya akiba ya kuchajia simu, ile ambayo vijana huiita pawabanki. Nikaenda kwenye kibanda kimoja katikati ya jiji la Nairobi, nikaikuta yenye maandishi makubwa ya 30,000 mAh kwa shilingi 900. Nilijiona mjanja kweli kweli! Hata nilipoigusa ubavuni nikahisi imefura kidogo, nilijiambia kwamba ndivyo ilivyoundwa.

Niliifunga ndani ya leso mbili nilizomnunulia dada, nikaisukuma hadi chini kabisa ya sanduku, kisha nikalikaza sanduku kwa kamba ya katani kama afanyavyo mama yangu. Asubuhi ya safari, foleni ilikuwa ndefu. Kijana aliyekuwa akipima mizigo akaniuliza kwa adabu, "Madam, kuna betri yoyote humo ndani? Pawabanki, tochi?"

Nikaitazama ile kamba. Nikawatazama watu waliokuwa nyuma yangu. Nikajibu, "Hakuna. Ni nguo tu."

Sanduku likaenda.

Pengine utajiuliza kwa nini nisiende kwa basi. Ni takriban kilomita 1,000 kutoka Nairobi hadi Mandera, na hakuna aliyesahau asubuhi ya Novemba 22, 2014, basi liliposhambuliwa karibu na Mandera na abiria 28 wakauawa. Tangu siku hiyo walimu, wauguzi na wafanyakazi wengi wa serikali waliotoka sehemu nyingine za nchi hawataki kusikia habari za barabara ile. Kwao ndege si anasa. Ndiyo njia ya kufika nyumbani wakiwa hai.

Ndani ya ndege niliketi na mama mmoja wa Kisomali, bado msichana, aliyekuwa na mtoto mchanga. Tulipokuwa angani aliniomba nimshikie mtoto ili atafute maziwa kwenye mkoba. Kitoto kile kikakamata kidole changu na kukataa kukiachilia. Tukacheka. Mamake akaniambia anampeleka kwa nyanyake, ambaye alikuwa hajamwona bado. Sanduku langu lilikuwa humo humo ndegeni, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kulifikia.

Tulipofika nyumbani kwa dada nilifungua kamba, na harufu ikanipiga puani, harufu tamutamu kama ya rangi ya kucha. Leso ya juu ilikuwa na doa la hudhurungi. Ile pawabanki ilikuwa imevimba kama andazi na kupasuka upande mmoja. Shemeji, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliishika kwa koleo la jikoni, akaitoa nje mbio na kuiweka juu ya mchanga katikati ya ua. Alituamuru tuingie ndani na watoto wote. Kabla ya adhana ya magharibi ikatoa sauti kama chupa ya soda inayofunguliwa. Moshi mweupe ukatoka, kisha ndimi za moto zikaruka hadi kimo cha mtu.

Dada alinitazama bila kusema neno. Nami nilikuwa nikimwona yule mtoto aliyenishika kidole.

Hapa inanibidi nieleze habari za baba yangu, maana bila hizo hutaelewa kwa nini sikulala usiku ule. Baba alitoka Mwingi ujanani kwenda kutafuta kibarua Garissa, nami nikazaliwa huko. Wakati wa mvua za El Nino, mwaka 1997 kuingia 1998, mto Tana ulifurika na barabara zikakatika, hata chakula na dawa za sehemu zilizotengwa zikawa zinabebwa kwa ndege. Baba alipata kazi ya kupakia na kupakua mizigo. Hakuwa amesoma sana, lakini alizijua zile karatasi za pembe nne zinazobandikwa zikiwa zimesimama kwa ncha moja, alizijua kuliko wengi wenye vyeti. Mwali wa moto ulimaanisha kitu kinachowaka haraka. Fuvu la kichwa lilikuwa sumu. Mkono unaomwagikiwa na kitu kutoka kwenye chupa ulikuwa asidi. Alituchorea alama hizo kwa kijiti mchangani, tukazikariri kama mashairi ya shuleni.

Siku moja mwaka 1998 mfanyabiashara mmoja alileta gunia. Baba akamuuliza kuna nini. Akajibiwa, "Ni nguo tu." Gunia halikuwa na karatasi yoyote. Baba alipolibeba begani, unyevu ukamteremkia mkono wa kushoto, naye akadhani ni maji. Ndani ya nguo mlikuwa na betri ya gari, tena imewekwa kichwa chini. Wenzake walimmwagia madebe ya maji, na mkono ukapona. Lakini hadi leo ngozi yake kutoka kiwiko hadi kifundo ni kama gome la mti. Na asidi ile ile hula bati la ndege. Laiti gunia lingekuwa kavu, lingepakiwa.

Maneno yale yale, msomaji. Mimi binti yake, mwenye diploma ya uandishi, niliyatamka bila kupepesa jicho.

Niliporudi Nairobi nilianza kusoma, na nilichokigundua kilizidi kunitia baridi. Betri ya lithiamu ikiumia, ikiwa imeundwa ovyo au ncha zake zikiguswa na chuma kama sarafu au funguo, huweza kujipasha moto yenyewe. Ikishavuka kiwango fulani, hakuna wa kuizuia, na seli moja huiwasha jirani yake. Gesi inayotumiwa kuzimia moto mahali pa mizigo hufukuza ndimi za moto lakini haipozi betri, kwa hiyo moto huweza kuzuka upya. Kinachopoza ni maji, na maji yahitaji mtu wa kuyamwaga. Ndiyo maana sheria ya ndege inataka pawabanki na betri za akiba ziwe kwenye mkoba wa mkononi, karibu na watu. Mimi siku zote nilidhani ni kinyume chake!

Septemba 3, 2010, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya UPS iliondoka Dubai, soko lile lile ambalo wafanyabiashara wengi wa Eastleigh hutoa simu zao, ikielekea Cologne, Ujerumani. Ilikuwa na zaidi ya betri 81,000. Dakika 22 baada ya kuruka, kengele ya moto ikalia. Moshi ulijaa hata marubani wakashindwa kuona saa na vipimo vilivyokuwa mbele ya nyuso zao. Walijaribu kurudi Dubai, wakaanguka, wote wawili wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba angalau shehena tatu zilistahili kutangazwa kuwa bidhaa hatari. Hazikutangazwa. Na si betri pekee. Mei 11, 1996, ndege ya ValuJet ilianguka kwenye kinamasi cha Florida, Marekani, na watu wote 110 wakafa, kwa sababu ya mitungi ya kutengenezea oksijeni iliyopakiwa ikiwa na karatasi zilizosema ni mitupu. Haikuwa mitupu. Hapo pia mtu aliandika neno jepesi ili kazi iendelee.

Tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena haziruhusiwi kabisa katika ndege za abiria. Abiria naye ana kipimo chake, nacho ni wati-saa 100. Hesabu yake ni rahisi: chukua ile namba ya mAh, zidisha kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000. Pawabanki ya 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, haina shida. Ile yangu ya 30,000 ingekuwa 111, kama maandishi yake yalikuwa ya kweli, jambo ambalo nalitilia shaka sana. Kati ya 100 na 160 ni lazima uombe ruhusa ya kampuni. Zaidi ya hapo, iache. Betri ya sola ya volti 12 na ampia-saa 20, ambayo shemeji alikuwa akiitamani, ni wati-saa 240, na sasa tumekubaliana atatafutiwa lori, hata ikichukua wiki mbili. Ncha zilizo wazi huzibwa kwa utepe. Iliyovimba haisafiri popote, hata mkononi.

Wala usidhani kwamba mkononi ndiyo mwisho wa hatari. Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado ardhini kule Korea Kusini, moto ukianzia kwenye rafu ya juu ya mikoba. Watu wote 176 walitoka hai. Wachunguzi walishuku pawabanki.

Niliposoma habari hiyo sikuweza kunyamaza tena. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Garissa, nikamkuta baba amekaa chini ya mwarobaini, redio sikioni. Huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Nilimweleza yote, kuanzia kibanda hadi mchanga wa uani. Nilipofika kwenye yale maneno matatu niliyomwambia kijana wa mizani, alianza kuusugua mkono wake wa kushoto, polepole, kama afanyavyo wakati wa baridi.

Nilingoja anigombeze. Alizima redio.

"Huyo mtoto, mama," akaniuliza, "alikuwa wa miezi mingapi?"

Nikamwambia sikuuliza.