Oili Katika Kisima cha Plagi

Wengi wenu mlio shuleni bado hamna motokaa, lakini siku yenu yaja. Nataka niwasimulie jinsi motokaa yangu ilivyokaribia kula ada ya shule ya mdogo wangu, na jinsi ilivyonikosanisha na mtu niliyelala naye bweni moja miaka minne.

Motokaa yenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1993, injini yake ni 5A, ya silinda nne na vali 16. Aliniachia marehemu baba. Siku moja nalikuwa napanda kutoka Mbale kwenda Kapchorwa, na kabla sijafika Sipi ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Nikikanyaga mafuta, haivuti. Nikisimama, injini inanguruma, inakatika, inanguruma tena. Nikageuza nikateremka polepole hata Mbale, kwa mwenzangu huyo wa bweni, maana yeye sasa ni fundi mwenye gereji yake.

Akachomoa waya, akazifungua plagi zote nne, akanionyesha. Ya tatu ilikuwa imelowa oili tangu kichwani hata nchani. "Ringi zimekwisha, ndugu yangu," akasema. Akazirudisha, akawasha injini, na nyuma ukatoka moshi wa buluu. Nani angebisha? Oili katika ncha ya plagi, na moshi wa buluu juu yake, ni dalili za oili kupenya ndani ya silinda na kuungua pamoja na petroli. Akanihesabia shilingi 1,800,000 za kufungua injini yote. Fedha hizo nilikuwa nazo nyumbani, ila zilikuwa ada ya mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa anaingia kidato cha tano.

Nikamwomba siku mbili, nikarudi Tororo na motokaa yangu ikitetemeka njia nzima.

Hapo Tororo yuko mzee mmoja, jirani yetu, aliyetengeneza malori Mombasa kwa miaka mingi. Hakugusa spana kwanza, bali aliniuliza. "Mwalimu, motokaa hii inapunguza oili sana?" Nikamjibu, "Hapana mzee, kidogo tu." "Na moshi uliuona wapi? Njiani?" Nikafikiri. Njiani sikuuona. Niliuona gereji tu, baada ya plagi kufunguliwa.

Akafungua boneti. Katika injini hii plagi hazionekani. Kila moja imekaa chini ya kisima kirefu, kati ya shafti mbili zinazosukuma vali, na huko juu oili inarukaruka wakati wote. Kisima kimezungukwa na bomba, na pale bomba linapokutana na mfuniko wa juu, ule mafundi wauitao tapeti kava, pana sili ya mpira ya mviringo. Miaka ikipita joto huukausha mpira huo hata ukawa mgumu kama ngozi iliyosahauliwa juani. Oili hupita tone kwa tone, ikajaa kisimani. Ule mpira wa mwisho wa waya ukilowa, huharibika, na umeme badala ya kufika nchani mwa plagi huruka pembeni ukaingia katika chuma. Silinda hiyo basi haipati moto, nayo motokaa hutetemeka.

Mzee akamulika kisima cha tatu. Kuta zilikuwa zimelowa, na oili mpya imeanza kukusanyika chini. Akazungushia kitambaa kwenye bisibisi, akaikausha yote, ndipo akafungua plagi. Juu ilikuwa na oili, lakini nchani haikuwa nayo hata chembe. Kisha akapima mgandamizo, na silinda zote nne zikakaribiana. Ringi zilikuwa nzima.

Hapo nikafanya jambo baya. Usiku ule ule niliwapigia simu watatu wa darasa letu nikawaambia kwamba mwenzetu amekuwa mwizi.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, tukaanza kazi. Tukatoa waya wa betri, tukazitia namba waya za plagi zisichanganyike, tukalegeza nati za mfuniko, tukauinua. Sili za zamani zilivunjika mkononi kama biskuti. Nilikwangua gasketi kuukuu kwa kipande cha mti, kwa kuwa mzee alikataa kisu, asije chuma akapata mikwaruzo. Tukatia gasketi mpya na sili mpya, na silikoni kidogo kwenye pembe tu. Wakati wa kufunga alinipiga kofi la mkono, kwa maana nalikaza kama nati za gurudumu. Hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, la sivyo gasketi hubanwa ikatoka nje. Pamoja na plagi na waya mpya, gharama haikufika shilingi 200,000.

Tulipokuwa tunanawa mikono nikasema neno langu juu ya yule mwizi. Mzee akanitazama. "Alikausha kisima kabla ya kufungua plagi?" Sikumbuki kuona kitambaa. "Basi oili yote ya kisimani ilimwagika ndani ya silinda. Ndiyo uliyoiona nchani, ndiyo iliyotoa moshi. Huyo hakukuibia. Naye aliona ulichokiona wewe."

Ilinichukua mwezi mzima kwenda Mbale. Hata nilipokwenda, kisingizio changu kilikuwa kwamba oili imeanza tena kuonekana kisimani, kidogo. Nikamweleza yote, pamoja na zile simu. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Fungua boneti." Akachomoa ile vali ndogo ya mfuniko inayotoa hewa chafu ya injini, akaitikisa sikioni. Ikiwa nzima hulia chakachaka. Hiyo haikulia, ilikuwa imeziba kwa masizi. Hewa ilikosa pa kutokea, ikawa inaisukuma oili hata kupita sili mpya. Akatia nyingine, wala hakunitoza kitu, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Mdogo wangu yuko kidato cha tano. Katika gereji ile, ukutani, sasa imening'inia bisibisi iliyofungwa kitambaa. Wale watatu niliowapigia simu, wawili nimewarudia nikawaambia kweli. Wa tatu amekwenda kufanya kazi Juba, na namba yake haiiti. Kama anausoma ukurasa huu, nami natumaini anausoma, ajue kwamba nilimwambia uongo.